Ng'ombe Ambao Hawakuvuka Daraja

Juzi mliniita Makole, kwenye semina yenu, niwape nasaha ninyi mnaoanza kazi ya mapato. Mkanipa maikrofoni. Kabla sijamaliza kuwasalimia, mgeni rasmi akaingia na maikrofoni ikamfuata. Sikuona ajabu. Nimetumikia halmashauri tangu ujanani na najua mgeni rasmi huingia wakati gani. Nikala pilau yenu, nikashukuru, nikapanda basi nikarudi kijijini. Lakini maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalibaki kifuani, na maneno yakikaa sana kifuani huleta kikohozi, kwa hiyo nimeamua kuwaandikia.

Kwa wasionifahamu, naitwa Mama Nyemo. Nilikuwa mtoza ushuru. Siku hizi mna vyeo virefu, lakini kazi ni ile ile: kumsimamisha mtu mwenye haraka na kumwomba pesa ambayo ameshaipangia shughuli nyingine. Halmashauri yangu siitaji. Kuijua hakutawasaidia, nayo kwa hali iliyokuwa nayo haiwezi kumlipa wakili wa kunishitaki.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Sembuche, mtu mfupi, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Somo lake la kwanza lilikuwa salamu. Alisema ukianza na risiti utajibiwa na fimbo. Msalimie mtu, muulize habari za mvua, akuulize za watoto. Baada ya hapo hata akikataa kulipa atakataa kwa adabu, na anayekataa kwa adabu ni nusu ameshalipa. Nimelitumia somo hilo miaka yote, na fimbo nimeziona, lakini za kuchungia tu.

Somo la pili lilikuwa kumtambua ng'ombe anayekwenda kuuzwa. Msimwangalie ng'ombe, mwangalieni aliye naye. Anayehamisha mifugo kutafuta malisho amebeba kibuyu na anaongea na kila mtu njiani. Anayekwenda mnadani amevaa viatu vyake vizuri na hana mazungumzo, kwa sababu kichwani anafanya hesabu. Mkiona mtu kavaa viatu vizuri kwenye vumbi la Agosti, nyuma yake kuna ushuru.

Zamani tuliandika risiti kwenye vitabu vyenye karatasi ya kaboni. Kisha zikaja mashine, hizi posi zenu. Kwenye geti letu mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo. Mteja alilipa getini, mtu wa zamu akapanda kichuguuni, akainua posi juu kwa mikono miwili akingoja. Wageni waliopita barabara ile walidhani tuna ibada.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Jofrey, kijana mchapakazi asiyependa kuacha kitu kipite. Siku moja alipita askari akivuta mbuzi kwa kamba. Mbuzi yule alikuwa kidhibiti cha kesi ya wizi, anapelekwa mahakamani. Jofrey akasema mnyama ni mnyama. Askari, ambaye alikuwa amechelewa, akalipa, akachukua risiti. Risiti ikatoka na maneno ambayo mashine ilifundishwa: mauzo ya mbuzi. Mshitakiwa akaipata, sijui kwa njia gani, akaieleza mahakama kwamba mbuzi ameuzwa kihalali na halmashauri yenyewe imethibitisha. Kesi ilichukua muda mrefu. Mbuzi alizaa akiwa mikononi mwa serikali.

Nawaambia haya mjue tabia ya mashine ile. Ilijua kusema neno moja tu, mauzo, na chochote ulichokipitisha mbele yake kiligeuka mauzo. Tulicheka sana kwa ajili ya yule mbuzi. Baadaye sikucheka.

Geti letu lilikuwa kwenye daraja, na daraja liko juu ya korongo ambalo ndilo mpaka wetu na wilaya ya jirani. Mnaoijua nchi hii mnajua makorongo yetu: maji hupita siku chache za masika, mwaka uliobaki ni mchanga. Mwenye ng'ombe asiyetaka kukutana na sisi angeweza kuteremka popote na kupanda ng'ambo, na wengi walifanya hivyo. Mzee Sembuche alipoulizwa kwa nini geti liwe kwenye daraja la mto usio na maji, alijibu kwamba ni kwa ajili ya watu waaminifu, wapate mahali pa kulipia.

Mnada wenyewe ulikuwa uwanja mtupu upande wetu. Watu walikuja na ng'ombe asubuhi, wakaondoka na hela jioni, na wengine wakaondoka na harufu ya nyama choma tu. Halmashauri ilipata ushuru wake, haukuwa mkubwa, na ulitosha. Ndipo ikaonekana kwamba kutosha ni dalili ya kurudi nyuma. Madiwani wakaenda ziara ya mafunzo mkoa mwingine kuona mnada wa kisasa. Walirudi na fulana. Muda si mrefu mkandarasi akaleta matofali, ukajengwa uzio, kipandio cha kupakilia ng'ombe kwenye malori, ofisi ya meneja wa mnada, na vyoo vyenye marumaru. Lango lilipakwa rangi nyekundu, ng'ombe wakaliogopa, ikabidi wengine waingizwe kinyumenyume.

Mkandarasi angelipwa kutokana na ushuru ambao ungeongezeka mnada ukishakuwa wa kisasa. Mnada ukawa wa kisasa, ushuru ukabaki wa kizamani. Deni likaanza kuzaa riba. Sisi ni wafugaji, tunajua mambo ya kuzaa, lakini kitu kinachozaa bila kulishwa hata majani kilikuwa kigeni kwetu.

Baraza likakaa kujadili kubana matumizi. Lilikaa siku mbili, kwa posho, na chakula kikaletwa kutoka mjini. Yalipitishwa mambo mawili. La kwanza, likizo na ruhusa za watu wa geti zisimamishwe, ili asitafutwe wa kulipwa kushika zamu. La pili, ushuru wa ng'ombe upandishwe maradufu.

Hapo ng'ombe wakaanza kuolewa.

Nieleze. Sheria ndogo ya halmashauri ilisema ng'ombe wa mahari hatozwi, maana hauzwi. Kabla ya ushuru kupanda, mahari zilipita kwetu mara chache, hasa baada ya mavuno. Baada ya ushuru kupanda, kila kundi lililokanyaga daraja lilikuwa mahari. Watu wenye viatu vizuri wakawa washenga. Kuna mzee aliyemlipia mahari kijana wake kwa wakwe watatu katika mwezi mmoja, na kijana mwenyewe tulimfahamu, alikuwa seminari akisomea upadre. Jofrey alimuuliza mtu mmoja jina la bibi harusi. Yule bwana akafikiri, akasema bado wanajadiliana.

Mweka Hazina wetu alikuwa kijana mstaarabu, ametoka Dodoma mjini, hakuwa mtu wa kelele. Taarifa za geti zilimfikia, akaandika kwamba idadi ya ndoa imeongezeka lakini mapato yamepungua. Baraza likamjibu haraka kuliko ilivyo kawaida yake. Msamaha wa mahari ukafutwa. Kila mnyama anayepita darajani alipiwe na akatiwe risiti, bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Wenzetu wawili wa geti jingine wakapitisha ng'ombe wa shemeji yao bure, wakaondolewa kazini wiki hiyo hiyo. Mweka Hazina akaanza kuzunguka getini mwenyewe, kwa bodaboda, kwa kuwa gari la idara lilikuwa linangoja mafuta.

Mjue basi na desturi yetu, ndiyo iliyotufikisha pale. Ng'ombe wa kuuza anaweza kupita porini, hakuna atakayemuuliza. Ng'ombe wa mahari hapiti porini. Anapita barabarani, mchana, watu wamwone na waseme fulani anaoza mwanawe. Mahari iliyopitishwa kwa kificho haina tofauti na mali ya wizi, na binti aliyetolewa mahari hiyo husimangwa mpaka uzeeni. Na mahari ikishaanza safari hairudi nyuma. Ikirudi, uchumba umekwisha. Kwa hiyo lile agizo jipya halikuwapata wafanyabiashara, wao walishahamia mchangani. Liliwapata wenye mahari za kweli peke yao.

Nyemo ni binti yangu wa pekee. Alipata mchumba ng'ambo ya korongo, Yohana, fundi wa kushona, kijana asiye na makuu. Baba Nyemo, mume wangu, alifurahi kuliko bibi harusi. Alikata miiba akalijenga upya zizi letu, ambalo lilikuwa limekaa tupu tangu ukame wa mwaka mbaya ulipotuchukulia ng'ombe wote. Kila jioni alikuwa akilizunguka na kurekebisha mwiba mmoja ambao haukuwa na tatizo.

Siku mahari inapokuja, kwetu mama wa binti haonekani. Anakaa ndani na wanawake wenzake, anangoja, na ng'ombe wakishaingia zizini ndipo vigelegele vinamtoa. Niliomba ruhusa ya siku hiyo moja. Nikajibiwa kwa upole kwamba ruhusa zimesimamishwa ili kupunguza deni. Kwa hiyo siku ya mahari ya binti yangu nilikuwa darajani, nimevaa kizibao cha reflekta kinachoonekana toka mbali.

Wakatokea asubuhi, saa tatu hivi. Mbele alikuwa Mzee Chilewa, baba mkubwa wa Yohana, amejifunga shuka mpya, nyuma yake mshenga na vijana na ng'ombe wazuri kweli kweli. Mweka Hazina alikuwapo, amekaa kwenye benchi letu. Na nyuma ya Mzee Chilewa walikuwapo wafanyabiashara kadhaa wa ng'ombe, waliokuwa wamekuja kuangalia kama agizo linatekelezwa kwa kila mtu au kwa wengine tu.

Mzee Chilewa aliponitambua alisimama. Akageuza uso pembeni kidogo, kwa heshima, kama inavyompasa mtu aliyemkuta mkwe mahali ambapo hakutakiwa kuwa.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mama. Tunapita kwenda kwako."

"Karibuni sana. Lakini baba, kuna ushuru."

Akatazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Hawa hawaendi mnadani."

"Najua, baba. Ni agizo jipya."

Nilitegemea atagomba. Hakugomba. Alisema mtu aliyekuja kuoa hashindwi na ada ya mlangoni, akafungua kitambaa chake na kutoa pesa. Mkono wangu ulipokuwa ukizipokea nilitamani ardhi ya daraja lile inipokee na mimi. Jofrey akachukua posi, akapanda kichuguuni, akaanza kujaza, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alikuwa akisoma kwa sauti ili mzee asidhani anaibiwa.

"Mauzo ya ng'ombe," akasoma. "Muuzaji, Chilewa. Mnunuzi..." Mashine haikubali kuendelea bila mnunuzi. Akanitazama. "Mama Nyemo, niandike wewe au baba?"

Mzee Chilewa akainua fimbo yake kidogo. "Ngoja, kijana. Mimi nimeuza?"

"Ndivyo inavyoandikwa, mzee."

"Na mama huyu amenunua?"

Jofrey akaitazama tena posi.

"Kama amenunua ng'ombe wangu," akasema Mzee Chilewa taratibu, "basi mimi na yeye tumemalizana. Binti atakuja kwangu kwa kitu gani? Kwa bure?"

Mweka Hazina akainuka. "Shikamoo mzee. Ni maneno ya mashine tu hayo, wala hayabadilishi kitu. Mfumo hauna sehemu nyingine ya kuandika."

"Marahaba, mwanangu. Mimi siwezi kubishana na mashine. Lakini binti huyu atazaa. Siku moja watoto wake wataambiwa, mama yenu alitolewa nini? Wataonyesha hicho kikaratasi?"

Mweka Hazina akarudi kukaa kwenye benchi. Simlaumu, alikuwa na bosi wake, na bosi wake alikuwa na mkandarasi. Mzee Chilewa hakudai hata arudishiwe pesa zake. Alimwambia mshenga kwa sauti ya chini wageuze ng'ombe. Vijana wakaanza kupiga mluzi, na ng'ombe wa mbele, mweupe mwenye doa shingoni, akageuka.

Nimewaambia mahari ikirudi ni nini. Nyemo alikuwa nyumbani wakati huo anapakwa mafuta na shangazi zake, na baba yake anazunguka zizi. Kumpitisha bure kusingewezekana, wale wafanyabiashara walikuwa wanahesabu kila pumzi yangu. Kuandikwa mnunuzi wa mahari ya mwanangu, hilo sikuliweza na sitaliweza.

Nikavua kizibao, nikakitundika kwenye mti wa kizuizi. Mweka Hazina akanitazama, kisha akatazama saa yake.

"Mama Nyemo," akasema, "si muda wako wa chakula huu?"

Nikamjibu ndiyo. Hata uji wa asubuhi ulikuwa haujashuka tumboni.

Nikainama nikapita chini ya kizuizi, nikavuka daraja mpaka ng'ambo, nikasimama mbele ya yule mweupe. Mwanamke, mama wa binti, barabarani, mbele ya watu wote. Nikamshika pembe. "Baba," nikamwambia Mzee Chilewa, "msirudi. Mmeshafika. Nimewapokea."

Mzee Chilewa akamtazama mshenga, mshenga akatazama chini, na mzee akakaa kwenye jiwe, maana yake amekubali. Nikampigia simu Baba Nyemo. Alikuja kwa bodaboda, amepakizana na kaka zake, na nyuma yao Nyemo na shangazi zake kwa miguu, mafuta yanang'aa usoni. Yakafanyika yote pale pale, ukingoni mwa korongo. Ng'ombe wakasifiwa na kukosolewa kama desturi, mshenga akasema maneno yake, vigelegele vikapigwa darajani. Nililia mbele ya wakwe, jambo ambalo pia halifanywi. Mweka Hazina alikunywa togwa akiwa upande wake wa kizuizi. Sheria haikuvunjwa, hakuna ukwato hata mmoja uliovuka.

Ng'ombe tukawaacha kwa binamu wa Baba Nyemo anayeishi ng'ambo ile. Kwetu si lazima ng'ombe alale kwa mwenyewe, unaweza kumweka kwa mtu unayemwamini, akamchunga na kunywa maziwa, naye akabaki wako.

Sasa, wale wafanyabiashara. Waliondoka zao. Siku ya mnada iliyofuata, wanunuzi walivuka daraja mikono mitupu, wakakutana na wauzaji ukingoni pale pale tulipofanyia mahari, kwenye majivu ya moto wetu. Wenye ng'ombe wa upande wetu wakawapitisha mchangani. Kabla ya masika mnada mzima ulikuwa umehamia wilaya ya jirani, hauna uzio, hauna marumaru, una watu. Sisi tukabaki na lango jekundu. Ng'ombe walivuka na wafanyabiashara walivuka, lakini deni halikuvuka. Lilibaki upande wetu likizaa, na kwa kuwa ng'ombe wa kutozwa hawakuwapo, likageukia mama lishe, likageukia bodaboda, likageukia wenye vibanda, na kila aliyetozwa alisogea hatua moja kuelekea korongoni.

Watu wanadhani kilichonisumbua ni mnada. Mnada ulijiendea wenyewe. Kilichonisumbua ni Baba Nyemo. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda baiskeli kwenda kuwaona ng'ombe wake. Akirudi anakaa mbele ya zizi tupu na kunieleza nani amezaa. Nilimwambia tuwapitishe mchangani, kama wafanyavyo wote. Hakutaka hata kusikia. Mahari ya Nyemo ipite porini? Alisema agizo litafutwa tu, madiwani nao wana mabinti. Halikufutwa. Alipougua akawa haendeshi tena baiskeli, na jioni moja aliniambia angependa kuwasikia wakilia zizini mwake, mara moja tu. Alifariki bila kuwasikia. Nililichukia lile geti siku hiyo, ingawa kesho yake nilikuwa na zamu na nilikwenda.

Nilipostaafu nikalima zizi. Samadi ya zamani ilikuwa nyingi, nikapanda mchicha, ukatoka mkubwa kuliko haja ya mtu mmoja. Nagawia majirani, namtumia Nyemo kwa basi, yuko Chang'ombe na Yohana na watoto. Na kama nilivyotegemea, deni likaufikia na mchicha.

Alikuja mwezi uliopita, mmoja wenu, posi imening'inia shingoni. Simtaji, na ninyi mnaomfahamu msimchongee. Alisimama mlangoni akanisalimia. Akaniuliza habari za mvua. Nikamwuliza za kwao Mpwapwa. Baada ya hapo akaangalia mchicha, akaangalia miiba iliyouzunguka.

"Bibi, hili lilikuwa zizi?"

"Lilikuwa, likajengwa upya liwe tena."

"Na mchicha huu unauza?"

"Nagawa."

Akaishika ile mashine, akaitazama. Najua alichokuwa anakiona kwenye kioo, neno ni lile lile, hawajaongeza lingine. Nilingoja. Siku ile darajani tulikuwa watu wazima watatu, wote tumeajiriwa, na hakuna aliyeweza kulitamka alilolitamka yeye.

"Basi hayo si mauzo," akasema, akairudisha posi kwenye mfuko wake, akaomba maji ya kunywa.

Nilimpa maji, nikaingia zizini nimkatie mchicha wa kupeleka nyumbani. Nilichukua muda mrefu kuukata, ili nisitoke nikiwa nalia.